Saa ya Kadi

Prisca mwanangu,

Umekwenda kusukwa, na kwa jinsi ulivyoieleza ile mitindo yako, msusi hatakuachia kabla ya magharibi. Mama yako yuko jikoni anakukaangia kuku wa njiani. Nami nimekaa hapa barazani na daftari lako la zamani la shule, nakuandikia maneno ambayo ningeshindwa kuyasema ukiwa mbele yangu. Ungecheka, nami ningecheka nawe, na yangeishia hapo.

Habari za chandarua, za kufua, za kuchagua marafiki na za kutolala na simu chini ya mto sitazigusa. Mama yako ameziandika kwenye karatasi mbili, mbele na nyuma, na kuzitia kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako. Kwamba Mbeya kuna baridi utaambiwa na kila mtu. Mimi nina jambo moja tu, na lenyewe linanitia kinyaa.

Leo saa sita mchana ulikuwa unaongea na babu yako kwa simu ya Masanja, yule jirani yake Msukuma mwenye ng'ombe. Uliweka sauti kubwa, kwa hiyo nilisikia yote nikiwa nimeinama natafuta viatu uvunguni. Babu akakuuliza, "Mchumba, hiyo treni yako inaondoka saa ngapi? Nataka nije nikuage." Ukamjibu bila hata kumeza mate, "Saa kumi na mbili asubuhi, babu. Kamili." Tiketi yako iko juu ya kabati na nimeisoma mara tatu. Treni ni saa nne. Ulipokata simu ukaona nakutazama, ukanikonyeza. "Nimempa saa ya kadi, baba. Si unawajua wazee? Fomula yako hiyo."

Ukaondoka zako unaimba.

Nilibaki nimepiga magoti na kiatu kimoja mkononi. Nilijisikia kama mtu aliyeuma sambusa akakuta unywele ndani yake, na unywele wenyewe ni wake.

Wiki nzima umenisumbua nikufundishe. Hoteli iliyokuajiri imekupa kazi ya kuratibu hafla, na ya kwanza kabisa ni ya kufunga mwaka, kokteli, watu wasimame na glasi kwa saa mbili, vile vitu vya kuokota kwa vidole, kisha waende kwao. Ulitaka kujua kadi iandikwe saa ngapi ili watu wafike saa ngapi. Mbele ya shangazi zako ukatangaza, "Baba ndiye bingwa wa muda Ifakara nzima," nami nikatabasamu kama mjinga aliyepewa zawadi ya kitu alichokiiba. Hapa nyumbani tumeifanya mzaha miaka yote. Mama yako akisema chakula saa moja, unauliza, "Saa moja ya kadi au saa moja ya watu?" Nani alikufundisha? Mimi. Basi kaa nikueleze ubingwa wenyewe ulivyokuwa.

Ulikuwa darasa la nne. Nilikuwa afisa utawala wa kampuni moja ya kununua mpunga, imeshafungwa siku nyingi na sina hamu ya kuitaja jina. Meneja wetu alikuwa kijana msafi, mgeni wa huku, na mwaka ule aliamua tusifanye sherehe ya wali na ng'ombe kama kawaida. Tufanye kokteli. Wewe unajua hapa kwetu kokteli ni nini: ni juisi, parachichi chini, embe katikati, pasheni juu, unapewa na kijiko. Nusu ya wafanyakazi walidhani kampuni imeishiwa, inatualika kunywa juisi. Mhasibu wetu, mama mmoja mnene asiyeogopa mtu, aliuliza kikaoni, "Na viti?"

"Watu watasimama," meneja akasema.

"Wasimame kama wako foleni ya zahanati? Na wali?"

"Hakuna wali."

Mama yule akafunga daftari lake. "Sherehe bonde la Kilombero bila wali," akasema. "Haya. Mimi nitakula nyumbani ndio nije." Alikuwa na akili kuliko sisi wote mle ndani.

Kazi ya kupanga muda nikapewa mimi, na niseme kweli, niliifurahia. Usiidharau kazi hiyo, ni ngumu kuliko kupika. Siku yenyewe kwanza. Ijumaa wenzetu Waislamu wana swala, Jumamosi kuna Wasabato, Jumapili nani atakuja. Ukisogea karibu na Krismasi watu wamekwenda kwao, ukiwahi sana bado wanatayarisha mashamba, na mvua ya kwanza ikishuka hakuna mkulima utakayemwona mjini hata umwalike mbinguni. Nikaweka Alhamisi ya katikati ya Desemba. Kisha saa. Saa nane hadi saa kumi na moja jua la Desemba hapa linamchemsha mtu akiwa amevaa. Saa moja jioni mbu wanaingia, nao hawahitaji kadi. Katikati hapo una saa mbili hivi za hewa nzuri. Hiyo ndiyo nafasi yako, na mgeni rasmi lazima awe ndani yake, na hotuba iwe ndani yake, na sambusa ziwe bado zina joto.

Hayo yote niliyapanga vizuri, sijidharau. Uchafu ulianzia kwenye kadi.

Nilichapisha kadi za aina tatu. Zote rangi moja ya maziwa, zote ua moja la dhahabu pembeni, na chini ya kila moja maneno niliyoyatunga mwenyewe: "Tafadhali zingatia muda." Tofauti ilikuwa kwenye saa. Wakulima wa vijijini niliwaandikia saa tisa alasiri. Watu wa mjini, saa kumi. Wakubwa, saa kumi na moja na nusu. Hafla yenyewe nilikusudia ianze saa kumi na mbili kasorobo. Meneja alipoziona akapiga makofi. "Wewe ni mtu hatari," akaniambia, nami nilirudi nyumbani na sifa hiyo nikamsimulia mama yako wakati wa kula, na wewe ulikuwepo, na ndipo ulipolisikia neno "saa ya kadi" kwa mara ya kwanza.

Hebu zitazame tena zile kadi. Mtu mdogo nilimdanganya saa tatu karibu. Wa kati nilimdanganya karibu saa mbili. Mkubwa nilimwambia kweli, kwa sababu mkubwa hasubiri. Wakati ule sikuliona hivyo. Nililiita mpangilio.

Babu yako alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa Namawala waliokuwa wakituuzia mpunga. Kwa hiyo alikuwa mwalikwa kwa haki yake, si kwa sababu ni baba mkwe wangu. Kadi yake niliiandika jina kwa mkono wangu, kwa mwandiko wangu mzuri, nikampelekea. Saa tisa alasiri.

Sasa, kila mkulima katika bonde hili alijua namna ya kuisoma kadi ya namna ile. Ukiandikiwa saa tisa unaoga saa tisa. Hata mimi sikuwa namdanganya mtu, nilijiambia, kwa sababu wao wanajua na mimi najua kwamba wanajua. Ni kama bei ya sokoni, muuzaji hutaja ya juu, mnunuzi ya chini. Lakini babu yako alikuwa mgonga kengele wa kigango chao tangu mama yako hajazaliwa. Saa yake ya mkononi, ile ya kukaza, alipewa kwa ajili ya kazi hiyo. Kijiji kizima kiliamka kwa mkono wake, na hakijawahi kuamka mapema wala kuchelewa. Mtu wa namna hiyo ukimwandikia saa tisa, yeye anasoma saa tisa. Nilimjua. Nilikuwa nimemwoa binti yake miaka kumi na mbili. Nilimjua na bado nikamwandikia.

Alitoka Namawala saa sita mchana, kwa baiskeli, amevaa ile suti yake ya kahawia ya harusi yetu. Kwenye usukani alikuwa amening'iniza kikapu chenye jogoo, maana kwao mtu haendi kwenye sherehe ya watu mikono mitupu. Alifika getini kwetu saa nane na nusu.

Mimi nilikuwa ndani, chumba cha stoo, nimekunja mikono ya shati, nakata ndimu. Uwanjani kinamama wawili walikuwa juu ya ngazi wanafunga vitambaa. Spika zilikuwa zinajaribiwa. Mlinzi, Kasimu, akaja mlangoni.

"Bosi, kuna mzee getini. Ana kadi. Anasema yeye ni mkweo."

Nikachungulia kwenye wavu wa dirisha. Nilimwona vizuri kama ninavyoliona daftari hili. Alikuwa ameegemeza baiskeli ukutani, anajifuta vumbi la viatu kwa leso. Kisha akaitoa kadi mfukoni, akaisoma, akatazama saa, akairudisha kadi.

Prisca, kutoka stoo mpaka getini ni hatua thelathini. Ningetoka nikasema, "Shikamoo baba, karibu ndani, bado tunaandaa," na kumpa kiti kivulini na maji ya baridi. Ingekuwa imekwisha. Lakini ningetoka, angeniuliza, "Mkwe, nimekosea saa?" na mimi ningejibu nini? Niseme hukukosea, ila ile saa tisa ni ya watu wa aina yako? Na meneja alikuwa anapitapita uwanjani na karatasi zake, na mimi nilimwonea haya mzee wa watu na suti yake na jogoo wake. Nilimwonea haya.

Nikamwambia Kasimu, "Mwambie sipo. Nimekwenda kumpokea mgeni rasmi. Asubiri hapo hapo, ndani bado."

"Hapo hapo getini, bosi? Juani?"

"Nimeshakwambia."

Kasimu akanitazama. Akaenda. Baadaye kidogo nikaona amempelekea mzee ndoo iliyofunikwa kadibodi, akalie, na kikombe chake yeye mwenyewe cha plastiki chenye maji. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Siku ile mwenyeji wa babu yako alikuwa mlinzi.

Na spika ziliposhika, sauti ya kwanza iliyotoka ilikuwa yangu, nikihesabu moja mbili tatu kwenye kipaza sauti kwa sababu fundi aliniita. Ilisikika mpaka barabarani. Babu yako aliambiwa sipo, kisha akanisikia nahesabu.

Alikaa mpaka saa kumi na moja. Saa mbili na nusu juu ya ndoo. Kisha akasimama, akakunja suruali, akampa Kasimu yule jogoo, akapanda baiskeli. Alipokuwa anatoka, magari ya kwanza ya wageni wa mjini yalikuwa yanaingia, na wakulima wenzake, wale wenye akili ya kadi, walikutana naye njiani wakadhani anakimbilia kitu. Mvua ilimkuta baada ya nusu ya safari. Bibi yako, Mungu amrehemu, ndiye aliyeniambia kwamba alifika saa mbili usiku anasukuma baiskeli, matope mpaka magotini, na alipoulizwa sherehe ilikuwaje akajibu, "Watu walikuwa wengi," akaomba maji ya kuoga.

Unataka kujua hiyo kokteli ilikuwaje? Ilikuwa takataka. Wakubwa niliowaambia saa ya kweli walikuja saa moja na robo, mgeni rasmi saa mbili kasoro. Zile saa mbili nzuri za hewa zilipita uwanja ukiwa na watu waliosimama na glasi tupu, wanatafuta ukuta wa kuegemea. Mbu wakaja kwa wakati wao, waaminifu kuliko wote. Wanaume waliovaa suti walikuwa wanajipiga makofi shingoni, wanawake waliovaa magauni mafupi wanacheza ngoma ya miguu isiyo na muziki. Mbu wengine walizama kwenye vinywaji, na niliona mtu mzima anamwokota mmoja kwa kidole, anakifuta kidole kwenye kitambaa cha meza, anaendelea kunywa. Sambusa zilikaangwa saa tisa. Zilipofunuliwa saa mbili zilikuwa zinalia kama mbao, na bado ziligombaniwa. Bwana mmoja mwenye heshima zake nilimwona anazitia kwenye mfuko wa koti, nne nne, mafuta yanapenya nje. Mke wa mwingine alifungua mkoba, nao ulikuwa umeshatandikwa karatasi ya foili kutoka nyumbani. Alijipanga yule! Na mgeni rasmi alipopewa kipaza sauti alituhutubia kwa muda mrefu, mate yakiruka kwenye mwanga wa taa, kuhusu umuhimu wa kuzingatia muda kazini. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote.

Kisha likaja zoezi la kuwashukuru wakulima. Kila kikundi kilipewa pampu ya kunyunyizia dawa. Ikaitwa Namawala. Hakupanda mtu. Ikaitwa tena. Meneja akanitazama, nami nikapanda jukwaani, nikapokea pampu ile, nikasema kwenye kipaza sauti, "Mwenyekiti wao amepata dharura, anaomba radhi kwa kutofika." Ndiyo. Mtu aliyefika mapema kuliko wote, mimi nilimwombea radhi kwa kutofika.

Niliporudi nyumbani mama yako alikuwa amenisubiri. Hakuuliza habari za meneja wala za mgeni rasmi. Aliuliza swali moja: "Baba alikula?"

Nikasema, "Alikula."

Unaona jinsi uongo unavyozaa. Ilianza saa tisa moja tu, ndogo, kwenye kadi nzuri. Wiki iliyofuata nikampelekea babu yako ile pampu. Akaipokea kwa mikono miwili, akanishukuru, akaniita mkwe kama kawaida, hakuniuliza kitu. Tukazungumza habari za mvua. Ningefurahi kama angenitukana. Tangu siku ile hajakanyaga nyumba hii. Kipaimara chako alikuja kanisani akarudi kwao. Mahafali yako vivyo hivyo. Kila tukimwalika, ana kuku wa kufungia, ana mgonjwa wa kumtazama. Wewe ulipouliza, nikakwambia babu alichukizwa na pombe za ile hafla, hapendi nyumba ya mnywaji. Ukaamini. Ulikuwa na miaka kumi, ungefanya nini? Umeishi na uongo huo mpaka leo umekuwa mtu mzima, na umemwona babu yako kuwa mzee mgumu wa dini, kumbe mgumu alikuwa mwingine.

Sasa nikurudishe leo mchana, maana sijamaliza.

Ulipoondoka nilimpigia Masanja. Nikamwambia, "Tafadhali mwambie mzee, treni si saa kumi na mbili, ni saa nne. Asiamke alfajiri na baridi ya mtoni bure." Nikamsikia anakwenda, anaita, wanazungumza. Akarudi anacheka.

"Baba Prisca, mzee kagoma."

"Kagoma nini?"

"Anasema hivi, na kaniambia nisipunguze neno: 'Mwambieni mkwe wangu saa zake nazijua. Mimi nitafika saa niliyopewa na mchumba wangu.' Bodaboda keshaiagiza, inamchukua saa kumi alfajiri."

"Masanja, mwambie safari hii ni kweli."

Akaenda tena. Safari hii aliporudi hakuwa anacheka. "Anauliza, safari hii ina tofauti gani?"

Nikakata simu. Nilikuwa na jibu, mwanangu. Ningesema, mjukuu wako ndiye aliyekudanganya, si mimi. Ilikuwa kweli tupu. Neno lilifika kwenye meno, nikalimeza, maana katika ukoo huu amebaki mtu mmoja ambaye babu yako anaiamini saa yake, na mtu huyo ni wewe. Kweli yangu ameikataa na uongo wako ameupokea. Hiyo ndiyo bei ya ile kadi yenye ua la dhahabu, na nimeijua leo, nikiwa na mvi.

Nikaenda jikoni nikamwambia mama yako yote, kuanzia kadi mpaka ndoo. Alikuwa na mwiko mkononi. Hakupiga kelele, ungemshangaa. Aliipua sufuria ya mafuta, akaiweka chini, akasema, "Uliniambia alikula." Nikasema ndiyo. "Uliniambia alikula wali na kuku, na nikalala vizuri." Nikasema sikutaja wali. Akanitazama kwa jicho ambalo sikuwahi kuliona tangu nimwoe, jicho la mtu aliyekuta kitu kimeoza chini ya mtungi wa maji aliokuwa akinywa kila siku. Kisha akarudisha sufuria jikoni, maana safari yako ni kesho na kuku hajaiva.

Sikuandikii ili uende Mbeya ukawe mtakatifu. Huko nako watu watachelewa, na wakubwa zako watakwambia andika saa moja ili waje saa tatu, na hutaweza kukataa kila mara. Ila ulitaka fomula, na mzazi anayemnyima mtoto ujuzi wake ni mchoyo, kwa hiyo hii hapa. Usianze na saa ya mgeni rasmi. Mtafute kwenye orodha yako mtu anayetoka mbali kuliko wote na asiye na gari. Uliza lazima awe amefika kwake saa ngapi. Kutoka hapo rudi nyuma: safari yake, kula kwake, kusalimiana kwake. Utakapoangukia ndiyo saa yako ya kuanza, na uiandike moja kwenye kadi zote. Kama ningepiga hesabu hiyo mwaka ule, hafla ingeanza saa nane na kwisha saa kumi, jua kali, wakubwa wangenuna, na babu yako angefika nyumbani kabla ya mvua. Na kokteli au si kokteli, weka viti. Anayefika wa kwanza awe na pa kukaa, na wewe mwenyewe uwe hapo mlangoni. Hilo la mwisho linauma kulifanya, najua, maana anayefika wa kwanza hukukuta na ndala.

Na usinifanye bingwa tena mbele ya shangazi zako. Linanikera.

Barua hii nitaiweka juu ya viatu vyako vipya, usikose kuiona leo leo ukirudi. Usije kunikumbatia wala kuniambia si kitu baba. Ni kitu. Acha kiwe kitu.

Kesho saa kumi na moja na nusu alfajiri mimi nitakuwa stesheni. Babu yako atashuka kwenye bodaboda na saa yake mkononi, na safari hii atakuta mtu. Nitamwamkia, nitampa kiti, kisha nitamwambia nilikuwa stoo nakata ndimu. Sijui atafanyaje. Anaweza kuninyamazia mpaka saa nne, ana haki, nami nitakaa hapo hapo ninyamaziwe.

Treni siwezi kuivuta ije saa kumi na mbili, nayo ni ya saa nne, tiketi unayo, na nywele mpya zinataka usingizi. Sikuamrishi uje nami alfajiri.

Nilimwomba mama yako chupa kubwa ya chai na vikombe viwili. Alinitazama kidogo, akafungua kabati. Ametoa vinne.

Baba yako